Meko ya Tawahi

Dubai, Jumapili, 14 Januari 2024

Kwa shangazi yangu Muna, amani iwe nawe na wote walio chini ya dari lako,

Naubusu mkono wako wa kulia, ule ulionichapa, na wa kushoto pia, ule ulionipa haluwa baada ya kuchapwa. Magoti yanasemaje? Baba aliniambia kwenye simu kwamba umekataa kuhamia chumba cha chini kwa sababu huko hupati upepo wala habari za mtaa. Nilicheka peke yangu ndani ya basi mpaka jamaa aliyekaa kando yangu akasogea.

Mimi ni mzima. Bado niko International City, chumba kimoja na Aloysius, yule Mganda mlinzi niliyekueleza. Tumetundika pazia katikati, upande wake msalaba, upande wangu mkeka wa sala, na friji tumegawana rafu. Anakusalimu. Ameonja achari yako ya maembe na sasa anakuita mama yake wa Mombasa, jambo ambalo nadhani lina lengo.

Barua hii inakuja ndani ya katoni la mashuka ya dukani kwa Baba, kwa meli, kupitia wakala wa mizigo wa Deira. Najua jambo zito hulizungumzi kwa simu tangu siku ile laini ya Aden ilipokatika ukiwa bado unasema. Kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu. Arbab wetu, mwajiri wangu Thamer, anauza mapambo ya nyumba za kale: milango ya Kihindi, vigae, mabafu ya chuma yenye miguu ya simba. Mwezi uliopita nilirudi kutoka mapumziko nikakuta katika ukumbi wa ghala pamesimamishwa meko ya mawe, yale ya kujengea ukutani ambayo Wazungu huotea moto kwao. Nikamwuliza nani hapa Dubai atawasha moto ndani ya nyumba. Akaniambia, "Habibi, mteja hataki moto. Anataka mahali pa moto. Gothic hii, original, kutoka Aden."

Aliposema Aden nikayatazama upya. Tao limechongoka juu, nguzo nyembamba huku na huku, majani ya mzabibu yamechongwa kila mahali, na katikati ya majani kuna ndege mdogo asiye na kichwa. Nikaikumbuka picha ya harusi yako iliyo juu ya kabati. Umekaa mbele ya tao kama hili, umekunja uso kama anayengojea kung'olewa jino.

Shangazi, mimi ile nyumba yenu ya Tawahi, huko Aden, sikuwahi kuiona. Ninachojua ni kwamba iliangukiwa na kombora katika vita vya mwaka 2015, ami Zahor nduguyo akiwa ndiye aliyebaki kuilinda, na kwamba tangu hapo hatujui kama yu hai au la. Kama mawe ya nyumba yamefika Dubai, huenda na habari zake zimefika. Je, niulize, au niache?

Mwanao,
Shakir


Mombasa, 21 Februari 2024

Mwanangu Shakir,

Nawe uwe katika amani. Katoni limekaa bandarini mpaka nikadhani umenisahau, na barua imefika ikinuka sabuni. Dada yako amejifungua msichana, mapafu yake ni mazima, mtaa mzima unashuhudia. Baba yako hajambo, tunasalimiana ngazini. Magoti ni yangu, yataniuma nitakapo. Huyo Aloysius mwambie achari haiombwi kwa kujipendekeza, lakini nitamtilia chupa.

Kuhusu hayo mawe, yaache. Waingereza walipeleka mawe ya aina hiyo kila walikoweka bendera, na yote yanafanana. Ukianza kuuliza, arbab wako atajua una haja, na mwenye haja hupandishiwa bei hata ya salamu.

Ila umeshaniharibia usingizi wa mchana, kwa hiyo kaa usikie. Nyumba yetu ilijengwa na Mwingereza aliyekuwa akiuza makaa ya mawe kwa meli za moshi. Aliagiza meko manne kutoka kwao, yakaja kwa masanduku, kila jiwe limekwisha kuchongwa. Na pale ni Aden, Shakir, ambako ukigusa komeo la mlango adhuhuri unaacha ngozi. Mtu aliyekuwa na makaa ya kuchoma mji mzima hakuwasha moto nyumbani kwake hata siku moja. Babu yangu alipoinunua, bibi aliyatazama akasema, haya basi, tumepata makabati ya kufukizia. Tukawa tunaweka chetezo ndani, juu yake chanja ya fito, na nguo juu ya chanja. Moshi wa udi ulipanda dohani, na mtaa wote ukajua kwa kina fulani kuna arusi. Zangu zilifukizwa katika meko ya chumbani kwangu, ghorofa ya juu, na harufu ilinifuata mpaka Mombasa.

Zahor ndiye aliyekuwa daktari wa meko. Kunguru walizipenda zile dohani, na kila Shaabani alikuwa akifungua mawe ya juu, anatoa viota, anayarudisha. Hayakuwa na saruji, yalikaa kwa kushikana. Palipolegea alichomeka kipande cha mswaki wa mti alichokwisha kukitafuna, akidai nyuzi zake hushika jiwe kuliko kabari ya mbao. Mama akimwambia, wewe utajenga na pepo kwa masalio ya meno yako. Na kichwa cha ndege wa meko yangu alikivunja yeye kwa mpira, nikachapwa mimi. Sisemi kwamba ndege wako ni huyo. Ndege ni wengi.

Baada ya kombora jirani aliyehama mji siku ile ile alituletea picha. Sakafu hakuna, dari hakuna, ukuta mmoja umesimama, na meko yangu yamebaki huko juu yananing'inia na kunguru amekaa juu yake. Baadaye tukasikia na ukuta ule umeanguka. Zahor hakuonekana kifusini wala nje ya kifusi. Mimi kila nikiomba dua nafika kwenye jina lake nasita, sijui nimtaje na waliopo au na waliotangulia, na Mungu ananingoja.

Umeona? Nilisema yaache na karatasi imejaa. Basi niambie neno moja. Hayo mawe yana alama za kuanguka, au yamefunguliwa?

Shangazi yako


Dubai, Ijumaa, 29 Machi 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Ramadhani Karim, mkono wako naubusu. Hongera ya mjukuu. Huku tunafuturu kazini, tumetandaza maboksi sakafuni, tende za arbab na sambusa za kila taifa. Aloysius naye amefunga siku mbili kwa kutaka kujua, kisha akaniomba msamaha kwa yote aliyokuwa akiyala mbele yangu.

Yamefunguliwa. Nimeyapapasa yote, hayana ufa hata mmoja isipokuwa shingo ya yule ndege, na hiyo kingo zake zimelainika zamani. Jiwe lililoanguka kutoka ghorofani haliwi hivyo. Aliyeyatoa ukutani aliyatoa moja moja.

Kisha nikafanya kitu ambacho arbab angenikatia mshahara. Alipokwenda kusali adhuhuri nilipanda ngazi nikamulika maungio ya juu kwa simu. Kuna vijiti, Shangazi. Nimechomoa kimoja kwa kucha. Ni mswaki, ncha imetafunwa, na ndani bado ni mweupe. Niliponusa ule ukali ulinipanda mpaka machoni. Mswaki uliotiwa Aden kabla ya vita ungekuwa kuni kufikia leo. Huu umetafunwa majira haya ya baridi, hapa hapa.

Nikamwuliza Thamer, kwa njia ya mzaha, ni nani mwenye akili ya kusimamisha mawe bila saruji. Akasema ni mzee mmoja Myemeni anayefanya kazi kwa mkandarasi wake. Jina halijui. "Mawe yalikuja naye," akasema. "He is the only one who can put it up. Akiondoka khalas, linabaki rundo." Wakati alipokuja kuyasimamisha mimi nilikuwa mapumzikoni.

Sasa mteja amepatikana, mwenye jumba jipya. Baada ya Idi mzee ataitwa kuja kuyafungua na kuyapeleka huko. Siku hiyo nitakuwa ghalani hata kama nimelazwa. Usimwambie Baba bado.

Shakir


Mombasa, 16 Aprili 2024

Shakir,

Idi ilikuwa njema, nguo zilivaliwa, watoto walipewa chao. Barua hii anaileta mke wa muuza dhahabu anayekuja Deira kununua mabuibui, kwa sababu meli siiwezi tena.

Zahor kidole chake cha mwisho cha mkono wa kushoto hakinyooki. Akicheka hufunika mdomo, jino la mbele limepanda. Akiulizwa jambo asilolitaka hujibu jingine. Ukimwita kwa Kiarabu atakupa Kiarabu, mwite kwa Kiswahili cha mama.

Nafagia mahali palipofagiwa. Nimepika uji nikausahau motoni, mimi. Niandikie siku hiyo hiyo.

Muna


Dubai, 9 Juni 2024

Kwa shangazi yangu,

Salamu nyingi, na uniwie radhi kwa kukawia. Sijui nianzie wapi. Nadhani mlisikia habari za mvua iliyotupiga mwezi wa Aprili. International City iligeuka bwawa. Maji yalifika magotini barabarani, magari yakawa yanaelea, na mabasi yakakoma. Aloysius alibeba godoro langu kichwani kwa kuwa ni mrefu, akipiga kelele, "Yalla, Shakir, shika friji, achari isife." Tulilala kwa rafiki zake Waganda, watu wengi chumba kimoja, wakituimbia. Chupa yako imepona.

Baada ya hapo ndipo joto likaingia, na sasa tunatoka kazini kama nguo zilizotoka kwenye ndoo. Wanaofanya kazi juani karibu wataanza kupewa mapumziko mchana. Mke wa muuza dhahabu nilimpeleka madukani, anabishana bei vizuri sana. Mtoto wa dada nimemnunulia viatu ambavyo Aloysius anasema ni vya mtoto wa kutembea, si wa kubebwa.

Yale meko yameuzwa, yamekwenda kwenye jumba lao. Kuhusu yale mengine, bado. Nitakuandikia.

Wako,
Shakir


Mombasa, 2 Julai 2024

Shakir,

Nimesoma barua yako mara ya kwanza nikiwa nimesimama, na mara ya pili nikiwa nimekaa, na zote mbili ilikuwa mvua. Umeniandikia mvua, friji, viatu. Nilikulea mimi mamako alipokuwa akiumwa, najua ukivunja kikombe huwa unaanza kunisimulia habari za paka.

Umemwona. Kama hukumwona ungesema, "Sikumwona, Shangazi," ukaendelea na mafuriko yako.

Kama amekufa, sema. Kama ni kichaa, sema. Kama ana mke na watoto kumi na hataki kuniona, sema, nitatukana kidogo kisha nitapoa. Lakini usinihifadhi. Mimi si mtungi.

Nitakwambia jambo ambalo sijapata kumwambia mtu, upate kujua unacheza na nini. Siku laini ilipokatika, Zahor alikuwa ameniambia kwamba anataka kukimbilia bandarini usiku ule ule. Nilisikia milio nyuma yake. Nikamwambia, usiiache nyumba usiku huu, ngoja kuche uondoke. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yangu. Ila sijui alisikia mpaka wapi. Nilipomaliza kusema nilikuwa nasema na ukimya.

Nangoja. Na safari hii andika kwanza lililo zito, salamu baadaye.

Muna


Dubai, Jumapili, 11 Agosti 2024

Shangazi,

Yu hai.

Yu mzima wa mwili, amekonda, jino bado limepanda. Sasa nikusalimu, na unisamehe. Alinitaka niape kwamba sitakuambia. Sikuapa, nilinyamaza, naye akachukulia kwamba nimeapa, na mimi nikaona aibu kumsahihisha. Ndiyo sababu ya ile mvua yote.

Alikuja ghalani mwanzoni mwa Mei akiwa na mkoba wa turubai. Hakusalimia mtu. Alipanda ngazi akaanza na jiwe la juu kabisa, na nikakiona kile kidole. Nikasimama nyuma yake nikamwambia kwa Kiswahili, "Ami, kunguru wa Dubai hawajengi humo." Akajibu bila kugeuka, "Watajenga tu, wape muda." Kisha mkono wake ukasimama juu ya jiwe. Alishuka ngazi polepole, akanitazama sana, akauliza, "Wewe ni wa Mubin?" Nilitaka kusema ndiyo, Mubin ni baba yangu, ikatoka sauti ya ajabu tu. Thamer akadhani nimeangukiwa na jiwe.

Tulikwenda kunywa chai. Kabla hajaniuliza jina langu alisema, "Muna bado anakunja uso kwenye picha?"

Kombora lilipopiga alikuwa uani, na upande wa pili ndio ulioanguka. Alikaa kwa jirani akiutazama ule ukuta na meko yako juu yake. Anasema, "Dada aliniambia usiiache nyumba. Nikatazama, nyumba iliyobaki ilikuwa ile." Kwa hiyo maneno yako alisikia mpaka hapo, Shangazi. Lile la "ngoja kuche" hakulipata. Alifunga kamba akapanda, akayafungua mawe yako moja moja kabla ukuta haujaanguka, akayaficha katika ghala la jirani miaka yote ya njaa. Alipokuwa hana tena la kula akayauza kwa wakala wa Thamer, kwa sharti kwamba naye aje nayo. Amekuwa Deira miaka minne, mawe yakiwa masandukuni kwa mkandarasi mpaka Thamer alipoyataka. Huenda tumevuka pamoja kwenye abra moja, zile mashua za kuvukia hori, mimi nikitazama simu.

Nilimwuliza kwa nini hakupiga simu hata mara moja. Hapo akaanza kunieleza bei ya mswaki sokoni Naif, kama ulivyonionya. Nikang'ang'ania. Akasema kwamba huko Aden simu na namba zetu zilizikwa kifusini, na hapa, miezi ya kwanza alipofika, aliketi mkahawani na mfanyabiashara wa Mombasa asiyemjua. Yule bwana katika kuzungumza akamsimulia khitma aliyohudhuria zamani kwa Mubin, ya nduguye aliyekufa vitani Aden. Akaisifu, watu walikuwa wengi, na wali, akasema, hajapata kula wali kama ule.

Ami akaniambia hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Kwetu wali wa khitma ya ndugu hupikwa na dada yake. Mama alimpikia nduguye. Bibi alimpikia wake. Hapiki mtu mwingine. Basi Muna amenipikia. Ameshanizika kwa mkono wake, nami nimeshauza mawe yake. Hatudaiani. Maiti akibisha hodi anawatia watu taabu tu, mwache apumzike."

Nikamwambia kwamba wewe, Shangazi, hujapumzika. Akasema, "Hiyo ni desturi yake."

Mimi mwaka ule wa khitma nilikuwa tayari huku. Baba aliniambia imesomwa, watu wamekula, basi. Aliyepika simjui, na sikuwahi kuuliza. Anakuja kwetu Ijumaa, anakula ndizi za Aloysius na wanabishana juu ya Nabii Yona. Lakini mkataba wake unaisha mwisho wa Septemba. Nikimwuliza atakwenda wapi ananitajia Salala, mara Jibuti, mara anauliza kama maziwa yapo. Akitoka hapa sitampata tena, namjua sasa.

Niambie nimwambie nini. Na fanya haraka.

Shakir


Mombasa, 30 Agosti 2024

Shakir,

Salamu zako nimezipokea, zangu utazipata nikipata pumzi. Mke wa muuza dhahabu anapanda ndege kesho, nimemwambia karatasi hii asiitie mkobani, aivae. Mpelekee Zahor siku hiyo hiyo utakapoipata. Usimsomee, macho anayo. Mpe, kisha wewe na Aloysius tokeni nje mkatazame magari.

Zahor,

Ni mimi Muna. Mwandiko unaujua, ndio uliokuwa ukiuiga mwalimu asijue kwamba insha nimekuandikia mimi.

Nyumba imeanguka, nimeilia, nimemaliza. Mawe umeyauza ukala, na ulifanya vyema. Ungekufa umeyakumbatia ningekuja huko kukuchapa kaburini. Wenye jumba lao watie udi wao, wasipotia pia shauri yao. Shakir ameniandikia kwamba ulipanda ukuta uliokuwa ukianguka, kwa kamba, kwa sababu ya nusu ya maneno yangu. Nimeisoma sehemu hiyo nikaenda kusimama barazani, nikarudi, nikaisoma tena. Hasira niliyo nayo sijui niiweke wapi. Nimekukasirikia wewe, simu, na mimi mwenyewe kwa kuanza na maneno yale badala ya mengine.

Sasa sikiliza habari ya khitma, kwa sababu aliyekusimulia alikula tu, hakuona jikoni.

Ulikuwa mwaka 2017. Mubin alinijia asubuhi na magunia ya mchele. Hakuwa na ubaya, naye alikuwa amechoka kuulizwa na watu. Akasema, dada, miaka miwili imetimu, tumsomee, tumwachilie. Masufuria makubwa yalikuwa yameshatolewa uani, mbuzi ameshachinjwa, wanawake wameshakaa kwenye vibao wanamenya vitunguu wakiningojea mimi nianze. Nikamwambia, mimi sipiki. Akasema hapiki mwingine, ni lazima apike dada. Nikamwambia basi muache. Akaenda kufungua gunia la kwanza, na nikajua kwamba hawataacha.

Nikavaa buibui nikatoka. Nilishuka mpaka kivuko cha Likoni nikaingia kwenye feri na watu wa miguu, nikavuka. Upande wa pili nikashuka na watu, nikageuka, nikapanda tena. Nikavuka hivyo kutwa nzima. Nilijua nikibaki nchi kavu miguu itanirudisha jikoni, maana wali wa wageni ukiungua mimi siwezi kuvumilia, hata wa nani. Mfanyakazi mmoja wa feri alikuja kuniuliza, "Mama, wewe waenda upande upi?" Nikamwambia sijajua bado. Akaniletea kiti cha plastiki. Nilikalia kiti kile mpaka magharibi, jua limenichoma uso, nikarudi nyumbani wakati masufuria yanasuguliwa. Walinitolea sahani yangu wameifunika. Nikaipeleka kwa jirani ikiwa bado imefunikwa.

Walipika wapishi wa kukodi kutoka Majengo, wanaume wasiokujua hata jina. Nasikia ulikuwa wali mzuri sana. Mimi sikuupika, Zahor. Na sikuuonja.

Njoo.

Dada yako